Brady alipohamia Tampa: tuliobaki huku New England tulimshangilia nani?

Wakuu, habari za humu. Uzi huu nimekuwa nikiusoma kimyakimya, lakini naona watu wameacha hoja na sasa wanatupiana maneno, kwa hiyo acha na mimi niweke yangu.

Kwa aliyechelewa: mtoa mada ana rafiki yake yuko Columbus, Ohio. Huyo rafiki aliipenda New England Patriots, timu ya futiboli ya Kimarekani, kwa ajili ya kwotabeki wao Tom Brady. Brady alipokwenda timu ya Tampa Bay, kule Florida, mwaka 2020, jamaa naye akanunua jezi nyekundu. Brady ameshastaafu, jamaa hana timu, na wenzake wanamcheka kila Jumapili. Swali likawa, huyu ni shabiki kweli au ni bendera tu, inafuata upepo? Ndipo mchangiaji mmoja akaja kufunga kesi kwamba Wamarekani wote ndivyo walivyo, wanafuata jina la mgongoni, siyo kama sisi wa Simba na Yanga.

Mimi dada yenu naishi Lowell, Massachusetts, huku New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kama saa moja kwa gari kutoka Foxborough, kwenye uwanja wa Patriots. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku, na mchezo huu nimefundishwa na wazee wenyewe, maana ikifika Jumapili jioni huwezi kuwaambia wageuze chaneli. Nilikuwepo Brady alipoondoka, na nilikuwepo aliporudi amevaa jezi ya watu wengine. Nitakayosema humu mengi nimeyaona, na mengine nimeyapata kwa wazee wangu.

Kwanza tuelewane kuhusu kwotabeki, kwa wale ambao futiboli ya Kimarekani wanaipita tu wakitafuta mechi ya Arsenal. Kila shambulizi linaanzia mikononi mwa mtu mmoja. Mpira unarudishwa kwake, naye ana sekunde mbili tatu za kuamua: ampe mtu akimbie nao, aurushe mbali, au aushike mwenyewe na kuomba Mungu, maana kuna majitu ya kilo 130 yanamfuata. Ndiye anayelipwa zaidi, ndiye anayelaumiwa zaidi, na watoto wanavaa jezi yake. Beki wa pembeni akiuzwa, timu inanuna wiki moja. Kwotabeki mzuri akiondoka, timu inaweza kumaliza miaka na miaka ikijaribu huyu na yule. Kwa hiyo msilinganishe na straika. Straika ukimkosa unacheza na viungo wengi. Huyu hana namna hiyo.

Sasa, watu wanadhani New England ilianza kujua uchungu wa kuachwa na nyota mwaka 2020. Hapana. Kulikuwa na mzee mmoja pale kazini, Mungu amrehemu, alikuwa na tiketi za msimu tangu enzi za uwanja ule wa zamani, kabla Gillette, huu wa sasa, haijafunguliwa mwaka 2002. Yeye ndiye aliyenipa habari za kwotabeki Drew Bledsoe. Bledsoe alichaguliwa wa kwanza kabisa katika mgao wa wachezaji wapya (draft) wa mwaka 1993, akaitoa Patriots kwenye vumbi na kuifikisha Super Bowl, yaani fainali ya ligi, wakafungwa na Green Bay ya Brett Favre. Machi 2001 akasaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 103. Mji mzima unajua huyu ni wetu mpaka azeeke. Septemba 23 mwaka huohuo, Mo Lewis wa New York Jets akamgonga pembeni mwa uwanja, akavuja damu kifuani, akaingia kijana ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amechaguliwa namba 199 kwenye mgao: Tom Brady.

Bledsoe alipona, ila nafasi haikumrudia. Februari 2002 yule kijana akabeba kombe mbele ya St. Louis Rams, 20 kwa 17, na Aprili Bledsoe akapelekwa Buffalo. Angalieni vizuri: Buffalo wako kundi moja na Patriots, wanakutana mara mbili kila msimu.

Mzee alikuwa mtu wa Bledsoe hasa. Alikuwa na jezi yake namba 11, aliitunza hadi nilipomkuta mimi. Msimu wa 2003, mechi ya kwanza kabisa, Buffalo iliifunga Patriots 31 kwa bila, na beki wa Patriots Lawyer Milloy, aliyekuwa ameachwa siku chache tu kabla, naye akicheza upande wa Buffalo. Mzee aliniambia siku ile kipindi cha pili alikuwa kwenye gari, akazima redio, na tangu hapo hakulitaja tena jina la Bledsoe kwa miaka kadhaa. Alikuwa anamwita "yule wa Buffalo". (Mechi ya mwisho ya msimu huohuo Patriots walilipa, 31 kwa bila vilevile. Mzee alikuwa akilisimulia hili akiwa na meno na asipokuwa nayo.) Mwaka 2011 mashabiki walipopiga kura ya nani aingie kwenye ukumbi wa heshima wa Patriots, alishinda Bledsoe. Mzee naye alikuwa amempigia.

Basi mkiangalia kisa hicho kimoja mtaona chote nitakachosema. Shabiki anampenda aliyehama mradi ushindi wa huyo aliyehama hautoki mfukoni mwa shabiki. Siku ule ushindi utakapomgharimu, mapenzi yanawekwa kabatini. Mambo ya uaminifu na usaliti tunayaongeza baadaye, tukitafuta sababu.

Turudi kwa Brady. Januari 2020 Tennessee walitutoa kwenye mchujo (mechi za mtoano baada ya msimu) hapahapa nyumbani, 20 kwa 13, na pasi ya mwisho ya Brady akiwa Patriots ilidakwa na Logan Ryan, mchezaji wetu wa zamani, akakimbia nayo hadi mwisho. Mkataba wake ulikuwa umeandikwa mwaka 2019 kwa namna ambayo timu isingeweza kumzuia. Machi 17 akatangaza kwamba anaondoka. Wiki ileile sisi kazini ndiyo tulikuwa tumefungiwa wageni kwa sababu ya Korona, barakoa zinahesabiwa, watu wanaogopa hata kushika kitasa. Na bado nilimkuta nesi mwenzangu amesimama koridoni na simu mkononi, machozi yanamtoka kwa ajili ya Brady. Au labda alikuwa akililia yote kwa pamoja, sikumuuliza.

Hapo mjadala ukawa nani amefunga mlango. Wapo waliosema kocha Bill Belichick alimchoka mtu wa miaka 42 na hakutaka kumpa mkataba wa maana. Wapo waliosema Brady mwenyewe alitaka jua la Florida na wachezaji wapya wa kurushia. Wengine wakamlaumu mwenye timu, Robert Kraft, kwamba alitakiwa kuwakalisha chini wote wawili. Tampa walimpa miaka miwili kwa dola milioni 50, na Chris Godwin aliyekuwa na jezi namba 12 akamwachia akachukua 14. Nilicheka sana, huku kwetu Bongo mtu angeuziwa hiyo namba.

Kitu kikubwa ambacho wengi hawakukisema ni kwamba Tampa iko mbali. Siongelei ramani tu. Ligi hii ina timu 32, zimegawanywa pande mbili, AFC na NFC, 16 kwa 16. Patriots ni AFC, Tampa ni NFC. Kwa kawaida timu ya upande huu inakutana na fulani wa upande ule mara moja katika miaka minne, labda wakutane fainali. Maana yake Brady angeweza kushinda kila wiki bila kutugusa sisi. Ndiyo maana watu wa hapa waliweza kumshangilia kwa moyo mweupe. Kwa wengi ilikuwa bure, hawapotezi chochote.

Siku ya fainali, Februari 7, 2021, nilikuwa zamu. Wazee kila mmoja chumbani kwake, milango wazi, TV zote chaneli moja, ukitembea koridoni mtangazaji anakupokea mlango hadi mlango. Chumba cha mwisho alikuwepo bibi mmoja amevaa jezi ya buluu ya Patriots namba 12, na shingoni amejifunga kitambaa chekundu cha jikoni kwa sababu hakuwa na kitu kingine chekundu cha kuonyesha Tampa. Tampa wakawachapa Kansas City 31 kwa 9, tena kwenye uwanja wao wenyewe, na hapo kabla hakuna timu iliyokuwa imecheza Super Bowl nyumbani kwake. Pasi tatu za tachidauni (yaani za kufunga) za Brady zilidakwa na watu waliopita Patriots: mbili Rob Gronkowski, aliyekuwa amestaafu akarudi kumfuata rafiki yake, na moja Antonio Brown, aliyecheza hapa mechi moja tu. Kila Gronk alipodaka, bibi anapiga reli ya kitanda kwa kiganja. Nikamuuliza, bibi, wewe leo uko timu gani? Akaniambia hawa ni wanangu, wewe lete maji.

Lakini mlinzi wetu wa usiku, kijana wa Kihaiti, alikuwa amenuna kwenye kiti chake. Patriots msimu ule na kwotabeki mpya Cam Newton walimaliza ushindi 7, vipigo 9, mchujo wakausikia redioni. Yeye kila pasi nzuri ya Brady aliiona kama hati ya mashtaka dhidi ya timu yake. Hakumchukia Brady. Alichukia kuonyeshwa. Na naamini wengi wa hapa walikuwa na hivyo vyote viwili kifuani, furaha ya bibi na mnuno wa mlinzi, ila kwa kuwa Brady hakuwa ameifunga Patriots yenyewe, furaha ilishinda.

Kisha ratiba ikamleta. Oktoba 3, 2021, Jumapili usiku, mvua inanyesha Foxborough. Tiketi zilikuwa bei ya kuuza ng'ombe, kwa hiyo niliangalia na wazee. Alipotoka kupasha misuli, uwanja mzima ulimpigia kelele za mapenzi, wakamwonyesha kwenye skrini kubwa picha za miaka yake 20. Dakika chache baadaye akaingia na kikosi chake kwa shambulizi la kwanza, na watu walewale wakamzomea. Wazee chumbani walianza kubishana: mmoja anasema ni aibu kumzomea mtu aliyekupa makombe sita, mwingine anasema amekuja kutufunga, unataka tumpikie pilau? (Sawa, pilau nimeiongeza mimi.) Brady hakutupa hata tachidauni moja usiku ule, ingawa aliivunja rekodi ya kwotabeki Drew Brees ya yadi za pasi katika maisha yote ya uchezaji. Kijana wetu mpya Mac Jones alitupa mbili. Imebaki chini ya dakika moja, tuko nyuma 19 kwa 17, mpigaji wetu Nick Folk akapiga mpira wa yadi 56 kwenye ile mvua, ukagonga nguzo ya kushoto ukatoka. Basi, tukafungwa.

Siku iliyofuata kazini hakuna aliyekuwa na kitambaa chekundu, na bibi hakutaka kuongelea.

Wapo watakaosema hiyo ni New England tu, watu wa huku wana midomo. Haya, twende Wisconsin. Brett Favre alikuwa kwotabeki wa Green Bay Packers misimu 16, tangu 1992. Green Bay ni mji mdogo, na timu inamilikiwa na watu wa kawaida wenye hisa zao, kwa hiyo mapenzi ya kule si mchezo. Machi 2008 Favre alistaafu huku analia mbele ya kamera. Ilipofika kiangazi akabadili mawazo, akakuta timu imeshamkabidhi kwotabeki mwingine, Aaron Rodgers, nafasi yake. Ikabidi auzwe. Packers wakamtupa New York Jets, upande ule mwingine wa ligi, na ndani ya makubaliano wakaweka kifungu: Jets wakimpeleka Minnesota Vikings, watailipa Green Bay chaguo tatu za raundi ya kwanza katika mgao wa wachezaji. Timu haziandiki mambo kama haya kwa mapenzi. Walijua mashabiki wao wataweza kuishi na Favre wa New York, na hawataweza kuishi na Favre wa Minnesota, jirani wanayekutana naye mara mbili kila mwaka.

Msimu wa Jets ukapita, hakuna aliyechoma jezi. Watu wa Wisconsin walifuatilia matokeo yake kama ya mtoto aliyeenda kusoma. Kisha Jets wakamwachia, na mwaka 2009 akasaini palepale Minnesota. Mtalaka wako akiolewa mkoa mwingine unamtakia heri; akiolewa nyumba ya pili, kila asubuhi unamwona akianika nguo, hayo mengine. Novemba 1, 2009 alirudi Lambeau Field, uwanja wa Packers, na jezi ya zambarau, akazomewa tangu anatoka hadi anaingia, naye akawatupia tachidauni nne na kuwafunga 38 kwa 26. Chuki ile ilikaa miaka. Halafu Julai 2015 wakamwingiza kwenye ukumbi wa heshima wa Packers, na zaidi ya watu 60,000 wakanunua tiketi kwenda kukaa uwanjani pasipo mechi, kumwangalia tu kwenye skrini. Alikuwa ameshastaafu, hawezi tena kuwafunga. Na Rodgers alipochokana na Packers mwaka 2023, mnajua walimpeleka wapi? Jets vilevile.

Kisa cha Detroit ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu ni mtu mmoja na watu walewale, ila majibu mawili. Kwotabeki Matthew Stafford aliichezea Detroit Lions misimu 12 bila kushinda hata mechi moja ya mchujo, na hakuna aliyemlaumu, maana Lions walikuwa hovyo kabla hajazaliwa. Mwaka 2021 akaomba kuondoka, wakambadilisha na kwotabeki Jared Goff wa Los Angeles Rams pamoja na chaguo za baadaye. Msimu wake wa kwanza tu Rams wakachukua Super Bowl, Februari 2022, 23 kwa 20 dhidi ya Cincinnati. Detroit walivaa fulana zimeandikwa "Detroit Rams". Walifurahi kana kwamba kombe limekuja Michigan. Lions wenyewe walikuwa wametoka msimu wa ushindi 3, hawana cha kupoteza.

Kisha Lions wakawa timu. Januari 14, 2024, mechi ya mchujo, Stafford akarudi Ford Field, uwanja wa Lions, na Rams. Yule waliyemvalia fulana miaka miwili nyuma wakamzomea bila huruma, na wakawa wanaimba jina la Goff, huyo aliyeletwa kama chenji. Lions wakashinda 24 kwa 23, ushindi wao wa kwanza wa mchujo tangu msimu wa 1991. Sasa mtu aje aniambie hawa watu wa Detroit walibadilika tabia. Stafford hakuwa amewakosea kitu tangu zile fulana. Kilichobadilika ni kwamba safari hii yeye alikuwa amesimama mlangoni kwao.

Kwotabeki Peyton Manning simzungumzii sana, kwa sababu yeye Indianapolis Colts ndio waliomwachia, Machi 2012, shingo yake ikiwa imefanyiwa upasuaji, na akaondoka analia. Aliporudi na Denver Oktoba 2013 walimsimamia wakampigia makofi, na Colts wakashinda 39 kwa 33, kwa hiyo kila mtu alikwenda kulala na furaha yake. Ukifukuzwa wewe, shabiki ana deni kwako. Na ukifungwa siku ya kurudi, deni linalipika vizuri zaidi.

Nije kwenye hoja ya yule mchangiaji, kwamba Wamarekani hawajui mapenzi ya timu. Ndugu yangu, huku timu yenyewe ndiyo inahama. Hao Colts walikuwa Baltimore. Mwaka 1984 walipakia vifaa kwenye malori usiku na kulipokucha hawapo. Cleveland Browns walihamishiwa Baltimore mwaka 1996 wakawa Ravens, Cleveland ikakaa bila timu hadi 1999. Rams niliowataja walikuwa St. Louis hadi 2016. Raiders walitoka Oakland wakaenda Las Vegas mwaka 2020, mwaka uleule wa Brady. Hebu fikiria Yanga waamke siku moja wafunge virago Jangwani waende Mwanza, kwa sababu kule wamejengewa uwanja. Ukikua mahali ambapo timu inaweza kukuacha, kushika mtu badala ya timu siyo ujinga sana.

Na sisi wenyewe tuache kujisifu. Mwaka 2018 Meddie Kagere alitoka Gor Mahia kwenda Simba. Hapa Lowell kuna Wakenya wengi, na majirani zangu wawili wa K'Ogalo (Gor Mahia hiyohiyo), watu ambao hawakuwahi kujali ligi ya Bongo, wakaanza kuniuliza Simba wanacheza saa ngapi. Kagere akifunga wananipigia simu kunipongeza mimi! Hawakumwita msaliti hata mara moja. Kwa nini? Ligi nyingine, hagusi mtu. Sasa mlinganishe na Julai 2024, Clatous Chama alipovuka kutoka Simba kwenda Yanga. Mimi ni Simba, mume wangu ni Yanga, na nawaambia nyumba ile ilikuwa na baridi katikati ya kiangazi. Chama alikwenda Berkane, Morocco, mwaka 2021 na tulimlilia kwa upendo, tukamwombea, aliporudi tukampokea kama mfalme. Kuvuka barabara tu Kariakoo, watu wale wale wakagundua kwamba siku zote alikuwa mvivu wa kukaba. Mtu ni yuleyule na mguu ni uleule. Kwa hiyo mchangiaji, hao Wamarekani unaowasema wanafanana na sisi kuliko unavyotaka.

Kuna jambo moja ambalo hesabu yangu hii hailifikii, nalo ni heshima ya kuaga. Februari 2022 Brady alipotangaza kustaafu mara ya kwanza, aliandika ujumbe mrefu, akashukuru Tampa, wenzake, makocha, mji. Patriots hakuwataja. Kulikuwa na watu hapa waliovumilia kufungwa na nguzo ya kushoto lakini hawakuvumilia hilo. Nesi yule aliyelia 2020 alisema maneno ambayo wasimamizi wa jukwaa watayafuta. Miaka 20, makombe sita, halafu hata neno moja? Alirudi kucheza baada ya wiki chache, akastaafu tena 2023, na Septemba mwaka huo akaja Foxborough akatamka mbele ya uwanja mzima kwamba yeye ni Patriot maisha yake yote. Juni 12, 2024 wakaistaafisha namba 12 yake. Mwezi wa sita tarehe 12, makombe sita na jezi namba 12, hawa watu wanajua kupanga. Hata Belichick alikuwepo akashangiliwa. Sasa Brady ana sanamu nje ya uwanja. Wazee wangu walilia kama msibani, na mlinzi wa Kihaiti alipiga picha ya TV akaiweka kwenye simu.

Sasa jibu kwa mtoa mada. Rafiki yako ni shabiki, ila ni shabiki wa mtu, na ushabiki wa mtu una tarehe ya mwisho wake. Hilo halimfanyi mnafiki. Mnafiki ni yule anayebeba jezi mbili kwenye gari akisubiri matokeo. Huyu alitoa pesa, akakesha, akafungwa na kuumia. Tampa walipotolewa na Rams Januari 2022 kwa sekunde za mwisho nina hakika hakulala. Wenzake wanaomcheka wengi wao hawajawahi kupimwa: nyota wao hajaondoka bado.

Ninachomshauri ni kwamba asitafute Brady mwingine. Watu wengi niliowaona wakifanya hivyo waliruka kwenda kwa Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, na sasa wanaishi kwa wasiwasi na goti la mtu mmoja. Achukue timu ya karibu, ambayo mechi zake anaweza kuziangalia na majirani, ajifunze majina ya wale wazito wa mbele ambao hakuna anayenunua jezi zao, na avumilie misimu miwili mitatu mibaya. Tatizo ni kwamba yuko Columbus, na Ohio ina Browns ya Cleveland na Bengals ya Cincinnati, timu ambazo mashabiki wake wamezoea kuumia. Hapo kwa kweli hata mimi sina neno, labda aje Lowell, chumba kipo.